Draya ya gesi inazunguka lakini nguo hazikauki: tafuta hitilafu hatua kwa hatua

Masika yakishika Arusha, na tena baridi ya Juni na Julai inapofunika jua hadi mchana, malalamiko huwa ya aina moja. Draya inazunguka vizuri, gesi ipo, lakini mashuka yanatoka na ubichi wake. Mwenye gesti ya Sakina analalamika hivyo, mwenye loji ya Usa River hivyo hivyo, na familia ya Shanty Town kule Moshi iliyoletewa mashine na ndugu ndani ya kontena kutoka Marekani nayo inasema hayo hayo. Karibu wote wameshaambiwa na mtu, "Mama, hapa kiwashio kimekufa." Wamenunua kipya, kimefungwa, na joto bado hakuna.

Kiwashio kinasingiziwa mno. Draya ya gesi ina vipuri vingi vinavyoweza kuzima joto, na vingi vina dalili inayoonekana kwa macho ndani ya dakika moja na nusu za mwanzo. Anayeruka hatua ya kuangalia na kukimbilia dukani anabahatisha kwa pesa zake.

Mwongozo huu ni wa draya za nyumbani zenye kiwashio kinachong'aa kwa umeme na valvu ya gesi inayofunguliwa na koili (waya uliosokotwa unaogeuka sumaku ukipata umeme), yaani zile za Kimarekani. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Zimepangwa kuanzia kosa la bure hadi la gharama.

## Vitu vya kuandaa

- Multimita. Ya bei nafuu inatosha, mradi inapima omu na volti za AC.
- Bisibisi ya nyota na ya bapa.
- Soketi za inchi. Skrubu nyingi za mashine hizi ni 1/4 na 5/16. Soketi ya milimita 8 inaingia vizuri kwenye 5/16, ila 1/4 haina mbadala: ya 6 haiingii na ya 7 inakula vichwa.
- Tochi.
- Brashi ndefu yenye nywele laini, na mashine ya kufyonza vumbi ukipata ya kuazima.
- Sabuni ya maji ya vyombo, maji kidogo na sponji.
- Glovu. Kingo za mabati ya ndani hazijakatwa kwa kumhurumia fundi.
- Kipimajoto cha jikoni.
- Simu, ya kupiga picha kila waya kabla hujauchomoa.
- Taulo kubwa mbili zilizolowa na kukamuliwa, kwa ajili ya jaribio la mwisho.

Kipuri chochote usinunue bado.

## Kabla hujashika bisibisi

Kila mara unapofungua bati, chomoa plagi ukutani na ufunge mtungi. Kuzima swichi ya mashine peke yake hakutoshi, kwa sababu umeme unabaki kwenye waya za ndani.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni na kujaa kwenye vyumba vya chini, mashimo na mitaro. Ukisikia harufu yake, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa, kwa kuwa cheche ya swichi inatosha kuwasha. Fungua milango, funga mtungi kama unafikika bila hatari, toa watu nje, kisha piga simu ukiwa nje. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Jambo lingine halina harufu kabisa. Hewa inayotoka nyuma ya draya ya gesi imebeba moshi wa moto wa gesi, na ndani yake inaweza kuwamo kaboni monoksaidi, ambayo inaua mtu akiwa usingizini. Bomba la kutolea hewa lazima limwage nje ya nyumba. Wapo wanaolichomoa ili joto lipashe stoo wakati wa baridi. Kama ndivyo ilivyo kwako, acha kutumia mashine hadi bomba lirudi mahali pake.

## Hatua ya 1: Soma kibao

Fungua mlango wa mashine, utazame kwenye fremu. Kuna kibao au karatasi yenye namba ya modeli, volti, hezi na aina ya gesi. Kipige picha.

Unatafuta mambo mawili. La kwanza ni umeme. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaandikwa 120V na 60Hz, ilhali ukutani kwetu kuna 230V na 50Hz. Ukiichomeka moja kwa moja, unaunguza kiwashio na taima kwa mpigo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na isiwe chini ya wati 2,000, maana mota inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa muda mfupi.

Transfoma inashusha volti tu, hezi haibadilishi. Kwa hiyo mota ya 60Hz hapa inazunguka kwa takribani sehemu tano kati ya sita za mwendo wake, na feni iliyofungwa kwenye mota hiyo inasukuma hewa kidogo kuliko ilivyopangwa. Mota yenyewe pia inapata moto zaidi. Ndiyo maana mashine ya kontena inasumbuliwa haraka na bomba lililoziba nusu, wakati kule ilikotoka isingejali.

La pili ni gesi. Nyumba nyingi za Marekani hutumia gesi asilia ya bomba, yenye presha ndogo. Mashine ya gesi asilia ina nozeli (kidude kinachopitisha gesi kwenda kwenye moto) yenye tundu kubwa. Ukiiunganisha na mtungi bila kuibadilisha, moto unakuwa mkubwa kupita kiasi, wa njano, wenye masizi. Kama kibao kinasema gesi asilia na hakuna stika inayoonyesha kuwa imebadilishiwa nozeli, simama hapa umwite fundi wa gesi mwenye vifaa vya kubadilishia modeli hiyo hiyo. Kupunguza tundu la nozeli kwa kuligonga na nyundo, kama wanavyofanya wengine kwenye majiko, ni kucheza na nyumba yako.

Umefaulu ukiwa na picha ya kibao, transfoma inayolingana na mashine, na uhakika kwamba ni ya gesi ya mtungi.

## Hatua ya 2: Njia ya hewa

Hatua hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na mimi ningeipa siku nzima kabla ya kupima waya hata mmoja. Draya haikaushi kwa joto peke yake. Hewa ya moto inachukua maji kwenye nguo na kuyatoa nje. Hewa isipotoka, unyevu unabaki humo humo, joto linapanda, thamostati (swichi inayokata na kurudisha moto kufuata joto) inazima moto, na wewe unasema mashine haina joto.

Anza na chujio la manyoya ya nguo. Litoe, lisafishe, kisha limwagie maji ya bomba. Maji yakipita papo hapo, ni zima. Yakituama juu yake, kuna utando wa dawa ya kulainishia nguo usioonekana kwa macho. Lisugue kwa sabuni na brashi laini, ulikaushe. Ingiza brashi ndefu kwenye shimo la chujio, kwani manyoya yaliyopita pembeni hulala humo.

Kisha vuta mashine mbele taratibu, usiukunje mpira wa gesi. Chomoa bomba la hewa nyuma na uangalie ndani kwa tochi. Kipenyo chake kiwe sentimita 10, na liwe la bati au alumini. La plastiki litupe, linayeyuka na kushika moto. Bomba lililonyooka lisizidi mita 10 hivi, na kila kona ya nyuzi 90 ihesabu kama umeongeza mita moja na nusu. Mtu mwenye kona nne na mita sita za bomba ameshavuka kiwango bila kujua. Viungio usivikaze kwa skrubu zinazochomoza ndani, kwa sababu zinakamata manyoya. Tumia klipu au tepu ya alumini.

Nenda nje uone linapoishia. Hapa Arusha na Moshi kosa linalojirudia ni wavu wa mbu uliofungwa mdomoni kuzuia panya na wadudu. Wavu huo unaziba kwa manyoya ndani ya muda mfupi, unageuka kuwa kizibo cha kitambaa. Utoe. Weka kifuniko cha bati kinachofunguka kwa msukumo wa hewa na kujifunga mashine ikizimwa. Angalia pia viota vya ndege, na udongo wa nyigu.

Sasa rudisha bomba, weka mashine kwenye hewa baridi isiyo na moto, iwashe na uweke kiganja mdomoni mwa bomba kule nje. Unatakiwa kusikia upepo unaokusukuma mkono na kuona kifuniko kimeinuka kabisa.

Onyo: usijaribu hewa ya moto huku bomba limechomolewa ndani ya nyumba.

Umefaulu ukiona upepo wa nguvu nje. Wengi wanamalizia hapa, na hawana haja ya kusoma hatua zinazofuata.

## Hatua ya 3: Umeme unaofika

Pima volti kwenye soketi ya transfoma mashine ikiwa imezimwa, kisha ipime tena drami (pipa la kuwekea nguo) ikizunguka. Ikiwa inashuka sana mota inapoanza na hairudi, transfoma ni ndogo au waya wa kurefushia ni mwembamba. Kiwashio kinategemea umeme wa kutosha ili kifike joto lake. Ukipungua, kinang'aa kwa uvivu na gesi haipewi ruhusa ya kutoka.

Usiunganishe draya kwenye ekstensheni moja na pasi au friji.

## Hatua ya 4: Gesi inayofika

Kama una jiko linalotumia mtungi huo huo, liwashe. Moto wa bluu uliosimama unakuambia gesi ipo. Hauwezi kukuambia kama inatosha.

Draya ya nyumbani ina kichomeo (mahali gesi inapowakia) cha takribani kilowati 6. Moto ukiwa unawaka, inakula karibu nusu kilo ya gesi kwa saa. Mtungi mdogo wa kilo 6 hauwezi kuhimili mwendo huo asubuhi ya baridi: gesi iliyo kimiminika inapogeuka hewa inapoza mtungi, unaona umande na hata barafu chini yake, na presha inashuka. Moto unawaka vizuri mwanzoni, unafifia, mashine inajizima, na baada ya mapumziko inafanya kazi tena. Tumia mtungi wa kilo 15, na kwa gesti inayokausha mashuka kutwa nzima, wa kilo 38. Mtungi usimame nje ya nyumba, wima, penye kivuli na hewa. Usiulaze kamwe.

Angalia regyuleta. Inayotakiwa ni ya presha ndogo ya nyumbani, ile inayotoa karibu milibari 30. Regyuleta yenye mkono wa kuzungusha kuongeza presha, inayofungwa kwenye majiko makubwa ya mama lishe, haifai kabisa hapa, kwani valvu nyingi za draya hazivumilii zaidi ya takribani milibari 35. Presha ikipita hapo, valvu inalazimika kupitisha gesi au inashindwa kufunguka.

Fuata mpira kwa mkono kuanzia mtungini hadi kwenye mashine. Ukiona nyufa, ugumu, alama za meno ya panya au mahali palipogusa bati la moto, badilisha mpira mzima.

Fungua mtungi, kisha pakaza povu la sabuni kwenye kila kiungio. Povu likivimba na kutengeneza mapovu yanayokua, gesi inavuja: funga mtungi, kaza, jaribu tena. Kiberiti usikitumie hata kama fundi aliyetangulia alikitumia na hakuungua.

Umefaulu ukiwa na mtungi wa kutosha, regyuleta sahihi na viungio visivyotoa hata povu moja.

## Hatua ya 5: Angalia kiwashio

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chini mbele ya mashine nyingi kuna mlango mdogo wa bati, na nyingine zinahitaji kuondoa bati zima la chini kwa skrubu mbili. Ndani, upande mmoja, utaona bomba la bati lililolala. Hicho ndicho kichomeo, na ubavuni mwake kuna tundu au kidirisha. Kabla ya kuwasha chochote, fyonza au piga brashi manyoya yaliyolala chini humo. Yanashika moto upesi.

Rudisha plagi, fungua gesi, chagua joto la juu, funga mlango, bonyeza kuwasha. Zima taa ya chumba, ulale ubavu sakafuni mbali kidogo na mlango huo, uangalie. Mikono, kanga na nywele ndefu ziwe mbali na mkanda unaozunguka.

Mashine nzima inafanya hivi. Mota inaanza. Ndani ya sekunde chache kiwashio kinaanza kuiva: kwanza wekundu wa giza, halafu rangi ya chungwa, mwisho weupe unaoumiza macho. Inachukua kama sekunde 30 hadi 60. Kisha unasikia "tak" moja kavu. Hiyo ni valvu. Papo hapo kiwashio kinapoteza rangi, na moto wa bluu unanguruma kuelekea ndani ya bomba. Baada ya dakika kadhaa moto unazimika, kisha mzunguko unaanza upya. Kuwaka na kuzima huko ni kawaida, ndivyo thamostati inavyotunza joto.

Mashine yako itafanya mojawapo ya haya:

A. Kiwashio haking'ai kabisa. Umeme haukifikii, au kimekatika. Washukiwa ni kiwashio chenyewe, fyuzi ya joto (inayokatika mashine ikipata moto kupita kiasi), thamostati, na sensa ya moto iliyobaki wazi, yaani haipitishi umeme.

B. Kinang'aa, kinazimika, moto hautoki. Kiwashio ni kizima. Kama gesi inafika, koili za valvu zimekufa. Hapa ndipo watu wananunua kiwashio bure.

C. Kinang'aa na hakizimiki, moto hautoki. Sensa ya moto imeganda. Kazi yake ni kuhisi joto la kiwashio na kukata njia, ili umeme upite kwenye koili na kufungua valvu. Isipokata, kiwashio kinang'aa tu hadi kichoke.

D. Moto unatoka mara ya kwanza, raundi zinazofuata hautoki. Koili zinachoka zikipata moto. Dalili hii inadanganya wengi, kwa sababu ukimwita fundi jioni mashine imeshapoa, inawaka mbele yake na anaondoka akisema ni nzima. Kaa nayo angalau nusu saa.

E. Moto unatoka lakini ni wa njano na unaacha masizi. Gesi ni nyingi kuliko hewa. Chunguza kichomeo kama kina utando wa buibui au vumbi jekundu, halafu rudi kwenye Hatua ya 1 uangalie nozeli. Mwinuko nao una sehemu yake. Vitabu vya baadhi ya mashine hizi huelekeza kupunguza gesi kwa asilimia 4 kwa kila futi 1,000 kuanzia usawa wa bahari, unapokuwa juu ya futi 2,000. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400, yaani futi kama 4,600, hivyo punguzo ni karibu asilimia 18. Moshi iko chini zaidi na punguzo lake ni dogo. Kazi hiyo ya nozeli muachie fundi wa gesi.

Umefaulu ukiweza kusema herufi moja. Usiposhuhudia kwa macho, usiendelee.

## Hatua ya 6: Pima kipuri kinachoshukiwa tu

Chomoa plagi, funga mtungi, acha mashine ipoe. Piga picha ya waya. Kila kipuri chomoa walau waya mmoja kabla ya kukipima, la sivyo multimita itasoma njia nyingine iliyoungana nacho.

Kiwashio. Kipime kwa omu. Vingi vya aina ya kijivu husoma kati ya 50 na 400. Kikisoma wazi, yaani multimita haionyeshi njia yoyote ya umeme, kimekatika. Wakati mwingine utaona kwa tochi mstari mwembamba mweupe unaokata ule mkono wa kijivu: huo ndio ufa. Usiguse sehemu ya kijivu kwa vidole, shika kwenye kauri nyeupe. Kinavunjika kwa kuguswa tu.

Fyuzi ya joto. Iko kwenye nyumba ya feni au njia ya hewa ya kutoka. Isome sifuri, au multimita ilie. Ikisoma wazi, imeungua. Kwenye baadhi ya mashine ikiungua drami haizunguki kabisa, kwenye nyingine drami inazunguka bila joto. Fyuzi hii haiungui bila sababu, na mara nyingi sababu ni hewa iliyoziba. Ukibadilisha fyuzi bila kusafisha bomba, utanunua nyingine. Wapo wanaoiruka kwa kipande cha waya ili kazi ya siku iende. Hicho kipande ndicho kinachoondoa kinga ya mwisho kati ya manyoya makavu na moto.

Thamostati. Zikiwa za baridi zote zisome sifuri: ile ya karibu na kichomeo na ile ya njia ya kutokea hewa.

Sensa ya moto. Ni kijisanduku kidogo ubavuni mwa bomba la kichomeo, kimeshikwa na skrubu moja. Ikiwa ya baridi isome sifuri. Kwa kosa la C itasoma sifuri hata ikiwa mbovu, kwa sababu imeganda ikiwa imefunga. Hapo multimita haikusaidii, amini macho yako.

Koili. Ni vile viwili vyeusi juu ya valvu. Kwenye valvu iliyozoeleka, koili yenye pini tatu husoma karibu omu 1,365 kati ya pini ya 1 na 2, na karibu 560 kati ya 1 na 3. Ile ya pini mbili husoma karibu 1,220. Tofauti ndogo si kosa. Kwa kosa la D, zipime mara tu baada ya moto kushindwa kutoka, maana zikipoa husoma vizuri kama hakuna kilichotokea. Hata zikisoma vizuri, B au D ikiwa dhahiri na gesi ikiwa inafika, badilisha koili zote mbili kwa pamoja.

## Hatua ya 7: Funga kipuri kipya

Koili ndizo rahisi kuliko zote, na habari njema ni kwamba hufungui njia yoyote ya gesi. Toa skrubu mbili za bati linalozibana, nyanyua koili, weka mpya, rudisha bati. Mwili wa valvu usiuguse.

Kiwashio na sensa vina skrubu moja au mbili kila kimoja. Kwa kiwashio, kwenye baadhi ya modeli itabidi kutoa kichomeo chote pamoja na valvu yake, na hapo kiungio cha gesi kitafunguliwa. Ukikifungua, jaribio la povu la Hatua ya 4 ni lazima lirudiwe. Kama hujawahi kukaza kiungio cha gesi, mwite anayejua kwa kazi hiyo moja.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba usiitumie kwenye nyuzi za gesi, tumia ya njano iliyotengenezwa kwa gesi. Viungio vyenye mdomo uliotanuliwa kama tarumbeta havitaki tepu yoyote, vinaziba chuma kwa chuma.

Hakikisha hakuna waya unaogusa bomba la kichomeo au mkanda kabla ya kurudisha bati.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa taulo, usijaribu tupu

Mashine tupu inapata joto haraka na kuzima haraka, haikuonyeshi chochote. Weka zile taulo mbili, joto la juu, uangalie mizunguko mitatu ya moto mfululizo kupitia mlango mdogo. Yote mitatu iwake. Kisha nenda nje na kipimajoto mdomoni mwa bomba. Hewa ikiwa kati ya nyuzi 50 na 70, mashine iko sawa. Ikipita 75, bado hewa imeziba au thamostati imechoka: izime. Ikikaa chini ya 40 huku moto unawaka, rudi kwenye mtungi.

Mwisho vuta pumzi karibu na sakafu ukitafuta harufu, na upake povu mara moja zaidi mashine ikiwa ya moto.

## Makosa mengine, kwa ufupi

Drami haizunguki lakini mota inanguruma: mkanda umekatika au kuna soksi kwenye feni. Zungusha drami kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, ni mkanda.

Kimya kabisa: swichi ya mlango, fyuzi ya joto, au transfoma imezima.

Kelele ya kugonga kwa mpigo: vigurudumu vinavyobeba drami vimelika upande mmoja. Badilisha vyote pamoja.

Nguo zinatoka na harufu ya gesi iliyoungua au zinakuwa na weusi: rudi kwenye kosa la E, na usiitumie mashine hadi limalizike.

## Ukienda kutafuta vipuri

Usishangae Arusha au Moshi ukikosa, vingi huagizwa. Jina la kampuni halitoshi, kwani kampuni moja ina viwashio vya maumbo tofauti na koili za pini tofauti. Mtumie muuzaji picha ya kibao na picha ya kipuri cha zamani kikiwa juu ya rula, pini zikionekana. Ukiagiza kutoka nje, chukua koili seti moja ya ziada na fyuzi ya joto mbili. Kiwashio cha akiba kifunge kwenye sponji ndani ya kopo gumu.